MJADALA: Kofia ya babu ya Keya, irudishwe upya au iachwe na matundu yake?

Mtoa mada (Makole, Dodoma)

Mbukwenyi wadau. Naleta jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu Pasaka.

Babu mzaa baba alikuwa Keya. Kwa vijana: Keya ndiyo King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1902. Babu alikuwa kwenye ile Divisheni ya 11 iliyopigana Burma 1944. Alirudi na blanketi, koti zito na pama, ile kofia ya ukingo mpana iliyokunjwa juu upande mmoja. Aliivaa mnadani Mvumi mpaka uzee ulipomkataza kutembea. Alipofariki ikalala kwenye sanduku la bati, chini ya kanga za bibi.

Mwaka jana tukaitoa. Nondo walikuwa wameshatoboa matundu matatu kwenye ukingo, na mkanda wa ngozi wa ndani, ule unaokaa kwenye paji, umekakamaa kama ganda la ubuyu. Kwa nia njema kabisa nikaipeleka kwa fundi viatu nikamwambia maneno mawili: "Ifanye mpya."

Akaifanya. Kazi safi, sina ubishi. Nimefika nayo nyumbani, shangazi akaipokea, akaigeuza, akaingiza kidole ndani akakizungusha kama mtu anayetafuta pete kwenye ugali. Akauliza, "Namba iko wapi?" Namba gani, shangazi? Kumbe nyuma ya ule mkanda babu alikwangua namba yake ya jeshi kwa msumari au kisu, na shangazi alipokuwa mdogo alikuwa akiifunua na kuipapasa akiwa amekaa mapajani kwake. Fundi alibandua mkanda, akashona mwingine, wa zamani ukaenda na takataka. Nilirudi asubuhi yake nikakuta jalala limeshachomwa. Bado linafuka moshi.

Fundi simlaumu. Maneno yale niliyasema mimi.

Basi msimamo wangu tangu siku hiyo: kofia ya kijeshi ya zamani izuiwe isiendelee kuoza, basi. Tundu libaki tundu, jasho libaki jasho. Baba mdogo anasema huo ni uvivu nimeuvisha suti. Jamvi ni lenu.

Fundi viatu, Majengo

Mkuu, siyo mimi niliyeishona hiyo, lakini joto nimelisikia.

Mnatuonea. Mteja akija na kitu kimechakaa anataka kiondoke kinang'aa, ukimrudishia kina tundu halipi. Mimi nimeshaletewa kofia na mikanda ya wazee, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia "nitunzie kilichotoka". Semeni! Tuna mifuko, tutawawekea.

Na hilo la kusema usiguse, ngozi haijui falsafa. Dodoma hapa Agosti upepo unakausha mpaka midomo, sembuse ngozi ya miaka themanini. Ukiiacha hivyo inakatika vipande. Watu wanakimbilia mafuta, na hapo ndipo wanapoiua. Mafuta mengi yanaifanya nyeusi, inanata, inavuta vumbi, na kama kuna kifungo cha shaba utaona ute wa kijani unachomoza pale shaba inapokutana na ngozi. Ninachofanya mimi, kama mshono umeachia napita kwenye matundu yale yale ya mwanzo, sitoboi mapya, na natumia uzi wa pamba. Nailoni ina nguvu kuliko ngozi kuukuu, itaikata kama waya unavyokata sabuni. Hiyo nayo ni kuharibu historia?

Mkusanyaji, Area D

Fundi, kwa maelezo hayo wewe ni mhifadhi hata kama kibandani pako pameandikwa "viraka na soli".

Nina kofia kumi na mbili ukutani, kwa hiyo niseme ya upande wetu. Wakusanyaji wamegawanyika vibaya. Kuna wanaotaka kofia kama ilivyotoka darini, na utando wa buibui ukiwemo. Kuna wanaotaka ionekane kama siku askari alipokabidhiwa. Ugomvi mkubwa uko kwenye zile kofia za Kijerumani za ngozi zenye mwiba juu, Pickelhaube, ambazo Prussia walianza kuzivaa 1842. Zinakuja zimepungukiwa mwiba, kamba ya kidevuni, au lile bamba la tai la mbele. Mtu anachukua mwiba wa kofia hii, bamba la ile, anaunganisha, anaita ukarabati. Kwangu hiyo ni maiti ya kushonewa viungo. Kama umeweka kipande kigeni, sawa, lakini mwambie mnunuzi. Kinachotuudhi wengi siyo kipande, ni ule ukimya.

Mfano wa karibu na kwetu zaidi. Wajerumani wa jeshi la kikoloni walikuwa nao na pama yao. Utepe na pindo lake viliwekwa rangi kufuata koloni: bluu Afrika Kusini Magharibi, nyekundu Kamerun, nyeupe Afrika Mashariki. Sasa mtu akibadilisha utepe wa bluu uliochakaa akaweka mweupe "ili upendeze", kofia imehama kutoka Namibia ya leo ikaja Tanganyika bila pasipoti. Ukarabati na ughushi vinatumia sindano moja.

Nikiri na langu. Kofia yangu ya kwanza niliisugua beji kwa Brasso kila Jumamosi. Mwaka wa tatu manyoya ya tai yalishakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Shaba iliyoondoka na kitambaa hairudi.

Mdau, Kondoa

Nawasoma nashangaa. Hapa Kondoa Mei 1916 Wajerumani na Waingereza walipigania vilima vyetu, Julai tarehe 29 mwaka huohuo Dodoma ikachukuliwa pamoja na reli yake. Vita havikuwa vyetu. Mnajadili utepe na mkanda, ila waliobeba masanduku ya risasi na magunia ya chakula kwa maelfu hawakupewa kofia. Mpagazi hana cha kukarabatiwa. Halafu tai wa Kaizari kwenye tarbushi ya askari mnataka ang'ae! Kama ni mimi, ningeiacha ioze.

Jirani wa mtoa mada

Swali dogo tu. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba, raia wenye sare za jeshi au zinazofanana nazo wazisalimishe. Hii pama haitatuletea mgeni wa usiku?

Mtoa mada

Nianze na jirani maana tunachangia ukuta. JWTZ lilianza Septemba 1964, baada ya yale maasi ya Januari na kuvunjwa kwa jeshi la zamani, kwa hiyo pama ya Burma si sare yake. Hata hivyo siivai barabarani na siruhusu watoto waivae kwenye maigizo, na siku nikiombwa kuipeleka kwenye maonyesho nitauliza kwanza panapohusika. Lala salama.

Mdau wa Kondoa, umenipiga penyewe. Sina jibu la wapagazi. Ila kuiacha ioze, hapana. Siku tarbushi yenye tai ikiisha, mjukuu wako atathibitisha kwa kipi kwamba kijana wa hapa alivishwa alama ya mfalme asiyemjua akaambiwa afe kwa ajili yake? Mimi namtaka huyo tai abaki, na abaki mchafu vilevile. Akishang'arishwa anakuwa pambo la sebuleni, na hapo nakuunga mkono kukasirika.

Fundi, umenishinda kwenye uzi. Nilipoandika "izuiwe isiendelee kuoza, basi" niliongea kama mtu ambaye hajawahi kushika ngozi inayobomoka. Mshono kwenye matundu ya zamani nauafiki. Mkanda mpya kuchukua nafasi ya wa zamani bado naukataa, na ingekuwa leo ningekuomba uupitishe wa zamani nyuma ya mpya hata kama kofia ingebana.

Baba mdogo amesoma hapa juu na kunipigia simu. Anataka matundu ya nondo yazibwe kabla ya kumbukumbu ya babu mwezi wa kumi, eti wageni watasema hatukumtunza. Tumeafikiana nusu: kitambaa cha rangi ileile kitawekwa kwa chini, kishikizwe kwa mishono michache inayoweza kufumuliwa, na juu pasiguswe. Pasi ya mvuke nimeikataa kabisa. Kofia za manyoya ya sungura za miaka ile nyingi zilitengenezwa kwa zebaki, na sitaki mtu aivute puani sebuleni kwangu. Na nimechukua daftari, nimeandika kila kilichofanyika, pamoja na ule mkanda uliochomwa.

Kilichobaki ni mayai ya nondo. Dawa ni baridi: kofia inafungwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa, inakaa kwenye friza wiki mbili, ikitoka haifunguliwi mpaka baridi iiishe, ilingane na hewa ya chumbani, vinginevyo unyevu unagandia kwenye kofia badala ya kugandia kwenye plastiki. Friza ninayoweza kuipata ni ya mama muuza samaki wa hapa mtaani. Amekubali, kwa masharti mawili: niifunge plastiki mbili, na umeme ukikatika nisimwulize kofia kabla ya kumpa pole ya sato wake.