Dalali wa bondi kafuta boneti mahali nilipoweka mkono!!

Nimetoka bondi Nakawa, yadi ya magari ya kuagizwa hapa Kampala, sasa hivi mwili unatetemeka. Yule dalali mnamjua, yule wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, sina haja ya kumtaja. Nimemuuliza kwa heshima zote, ssebo (bwana), mbona hii Toyota Wish bei imepanda hivi wakati shemeji yangu Dar kachukua IST kwa nusu ya hela hii? Akachomoa kitambaa mfukoni akafuta boneti pale nilipoweka mkono. Jamani. AKAFUTA.

Habari ya ushuru naijua, mimi si mtoto, gari linashukia Mombasa linaburutwa zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala, kuna ushuru wa forodha, juu yake VAT 18%, likiwa limezeeka tozo ya mazingira nayo inakungoja. Angeniambia hivyo tu ningeenda zangu. Lakini yeye kapuliza pumzi kwanza, haaa, kama anasafisha kioo, halafu anafuta polepole, vijana wa kuosha magari wanatazama, mmoja kacheka mpaka ndoo ikamwagika. Na hicho kitambaa cheusi kuliko tairi!

Mzee wa Busia: Pole. Ila ulikuwa umetoka kula rolex, chapati ya mayai? Mafuta ya chapati lazima yafutwe 😂😂

Kijana Malaba: Huyo huyo! Mimi aliniambia sura yangu ni ya boda

Dada wa Jinja: IST na Wish wapi na wapi, unalinganisha mbuzi na ng'ombe

Mwenye uzi: Dada sisemi IST, nasema KITAMBAA

Mkenya Halisi: Mnalia nini na nyinyi sheria yenu ya 2018 inazuia tu gari lililofika miaka 15? Kwetu likipita 8 haliingii, tunanunua ya miaka ya karibuni kwa bei ya shamba

Mzee wa Busia: Basi anunue kwenu avushe

Kijana Malaba: Avushe wapi, hapa mpakani URA, watu wa kodi wa Uganda, wanamdai ushuru upya kama limetoka Japani leo

Dada wa Jinja: Bei mnalipa mara moja, spea je? Nimeuziwa shokapu mpya kumbe imepigwa rangi tu, wiki mbili inatema oili

Mzee wa Busia: Weee na mimi nimepigwa hivyo hivyo!! Ya mbele au ya nyuma?

Dada wa Jinja: Zote mbili za mbele

Mwenye uzi: Kafuta mara TATU jamani

Mkenya Halisi: Fundi wa giaboksi Mbale nani anamjua, Noah inagoma kurudi rivasi

Kijana Malaba: Yupo, njoo inboksi