Tawi lililobarikiwa limepepelea mkaa wa nyama choma siku ya Ijumaa Kuu, ndugu wa mume wangu wamenichosha!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira mtanisamehe, ila nisipoyatoa haya yatanipasua kifua.

Sisi ni Wakatoliki, tunaishi Kimara. Mume wangu kwao wako sita na karibu wote wapo hapahapa Dar, na kwa vile sisi ndo tuna kauwanja, kila sikukuu inaangukia kwetu. Wageni sina tatizo nao kabisa, nimelelewa nyumba ambayo mgeni hatoki na njaa. Ila ile wiki kabla ya Pasaka wifi yangu mkubwa akatupia kwenye grupu la familia, "Jamani Ijumaa mpaka Jumatatu mapumziko, Ijumaa wote kwa kaka, elfu 30 kila mtu tuangushe mbuzi". Nikamjibu kwa adabu zote, wifi Ijumaa ni Ijumaa Kuu, tuweke Jumapili au hata Jumatatu ya Pasaka, mbuzi ni yuleyule. Akanitumia vikatuni vya kucheka. Mume wangu kasoma, kanyamaza.

Sasa nina binti yangu ana miaka 9, yuko mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mwaka huu wa 2026 Kwaresima imeanza Februari 18 na Ramadhani nayo ikaanza karibu siku hizohizo, na majirani zetu wengi ni Waislamu, kwa hiyo mtoto alikuwa anaona. Rafiki yake wa nyumba ya pili anafunga nusu siku na nyumba nzima inampongeza, jioni mama yake anatuletea futari, magimbi ya nazi na uji. Binti yangu akaniambia mwenyewe, mama na mimi nataka nifunge kitu. Tukakubaliana aache soda na biskuti, ile mia tano yake ya shule anaiweka kwenye kopo halafu tunapeleka kanisani kwa ajili ya maskini. Wakuu yule mtoto aliweka kila siku ya shule, hakuna aliyemlazimisha, nikichelewa kumpa ananikumbusha.

Jumapili ya Matawi karudi na tawi lake la mnazi, ncha kaisuka kamsalaba, kalichomeka nyuma ya msalaba wetu wa sebuleni. Nikamweleza kwamba mwakani kabla ya Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, tutarudisha matawi kanisani yachomwe, na majivu yake ndo tunapakwa kwenye paji la uso. Ilimwingia sana hiyo, akachukua peni akaandika jina lake kwenye jani, eti "ili nilijue langu likiwa majivu".

Ijumaa Kuu tukaenda ibada ya saa 9 alasiri mimi na yeye. Wanaojua wanajua hiyo siku ilivyo, Misa hakuna, altare tupu haina hata kitambaa, tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iko wazi haina kitu. Akaninong'oneza mama mbona leo kengele hazilii, nikamwambia zimenyamaza tangu jana usiku mpaka kwenye Mkesha wa Pasaka. Kwenye foleni ya kubusu msalaba nikaona kavua kandambili zake kazishika mkononi, alimuona padri kavua viatu. Nililia wakuu, sifichi.

Tunarudi, tuko kwenye kona tu nasikia spika. Ni kwangu! Geti wazi, shemeji zangu wamekaa na chupa zao, mbuzi yuko jikoni, na wifi yangu mdogo kachuchumaa anapepea mkaa kwa tawi la mwanangu. Tawi lililobarikiwa! Kaingia sebuleni kalichomoa nyuma ya msalaba! Namuuliza ananijibu, "Wifi kipepeo sijakiona, si jani tu hilo, nitakutafutia lingine."

Mtoto hakulia. Alilichukua, akalipulizia puu puu mpaka likazima. Limebaki nusu, na kwenye jina lake zimebaki herufi mbili.

Haikuishia hapo. Shemeji mmoja akamkatia kipande cha nyama, mtoto akasema leo sili nyama baba mdogo, wakaangua kicheko wote, "huyu sista huyu". Wifi mkubwa ndo akaja na sheria, kwamba mtoto wa miaka 9 Kanisa halimbani. Ni kweli halimbani, kutokula nyama ni kuanzia miaka 14 na kufunga ni 18 mpaka 59. Sasa wewe wifi una 41, umebatizwa, umepata Kipaimara, umefunga ndoa kanisani, una mfupa mkononi saa 11 jioni ya Ijumaa Kuu unamsomea mtoto sheria?? Nilimwambia hivyohivyo mbele ya watu na sijutii.

Na kilichonimaliza kabisa ni mama wa yule rafiki wa mwanangu, Muislamu, alinifuata ukutani kwa sauti ya chini, "Mama, leo si ile siku yenu kubwa ya huzuni? Mbona muziki, kuna nini?" Nilikosa jibu.

Halafu haohao Krismasi wanafanya vilevile. Wiki nne za Majilio, za kujiandaa na Krismasi, hakuna anayejua hata mshumaa wa ngapi umewashwa, kinachojulikana ni nguo mpya za Kariakoo na pilau. Pasaka ni siku 50 mpaka Pentekoste, mwaka huu Mei 24, sisi tumeimaliza Jumatatu jioni na kreti tupu. Watoto wetu wanajifunza nini hapo? Mwanangu alikuwa anaijenga Pasaka yake taratibu siku arobaini, mia tano kwa mia tano, na watu wazima wameipepelea mkaa.

Jana usiku nimemuuliza mume wangu kwa upole tu, baba fulani utasema lini na ndugu zako? Kanijibu, "Mke wangu hao ni damu yangu, niwafukuze?" Sijamwambia awafukuze! Waje Jumapili, nitawapikia mwenyewe, nitakesha jikoni. Naomba Ijumaa moja tu kwa mwaka geti langu lifungwe na spika izimwe mpaka Jumamosi usiku kengele zilie.

Kina mama mlioolewa kwenye familia kubwa kama hii, na kina baba pia, mlianzaje hayo mazungumzo mpaka mume akasimama mbele ya dada zake? Tawi lililobaki kalirudisha palepale nyuma ya msalaba, na kaniuliza kama padri atalipokea likiwa nusu.