MIAKA 50 YA BABA NA MAMA 🎉

Jumatatu

Mwanaidi: Asalaam aleikum ukoo. Nakumbusha TENA. Wazee wameoana 1975, kwa hiyo tunavaa ya wakati ule. Wanaume suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, watu wazima kaunda suti. Wanawake magauni ya krimplini. Vipimo kwa fundi mwisho Ijumaa, 30,000 kila mtu.

Juma: Shangazi krimplini ndo nini?

Mwanaidi: Waulize wakubwa. Tuma kipimo.

Ba'mdogo Seif: Raizoni zangu anazo Athumani. Aliziazima kwenda dansi DDC Kariakoo. Basi.

Mjomba Athumani: Shemeji si nilikurudishia!

Ba'mdogo Seif: Ulirudisha cha kushoto.

Juma: 😂😂😂😂

Mjomba Athumani: Cha kulia kiling'oka soli yote pale Msimbazi. Nikuletee mzoga?

Mwanaidi: Jamani VIPIMO.

Jumatano

Shangazi Zuhura: Juma, krimplini haijui pasi. Unafua usiku, asubuhi unavaa. Ila jua la Dar, mwanangu, unaiva humo ndani. Mie nilikuwa wa mini, mpaka 1969 vijana wa TANU walipoanza kutukamata barabarani. Siku hiyo nilijificha duka la vitambaa, nikatoka nimejifunga khanga ya mkopo.

Juma: Bibi Zuhura kumbe mtoto wa mjini 🔥

Mwanaidi: Shangazi, kiuno ngapi sasa?

Ba'mdogo Seif: Kiuno alikiacha hukohuko 1969

Mama: Nimesomewa yote. Gauni la harusi yangu ndilo lilikuwa krimplini. Mwaka 1983 nililiuza, tukapata unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na kipande cha sabuni. Mwanaidi ulikuwa na miaka mitano, ulikula unga huo. Msinivalie gauni lile mbele yangu.

Alhamisi

Mjomba Athumani: Dada, hukuwahi kutuambia.

Mama: Mngefanyaje?

Mwanaidi: Tumekusikia Mama. Basi wanawake vitenge, au doti za khanga? Nijibuni leo.

Mwanaidi: ???

Shangazi Zuhura: Khanga.

Halima Maskati: Vitenge jamani, khanga nitaonekana naenda kisimani

Mwanaidi: Na wanaume?

Ba'mdogo Seif: Wanaume hatujakatazwa. Athumani aanze kutafuta raizoni.

Mjomba Athumani: Namba ngapi?

Ba'mdogo Seif: Nane. Miguu yote miwili.

Mwanaidi: Fundi kapiga simu. Magauni mawili ya krimplini keshayakata, anauliza atamdai nani.