Tupeane uzoefu: mbio za barabarani Malindi, nani anakumbuka nini?

Wa Maweni (mwanzilishi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nataka tukusanye kumbukumbu za mbio za barabarani za hapa kwetu Malindi, maana sijaona mahali zilipoandikwa. Watu hukimbia, mshindi akapigwa picha na mheshimiwa, bahasha ikatolewa, mahema yakakunjwa, na ikifika Jumatatu hakuna wa kukwambia aliyemaliza wa kumi ni nani wala alitumia dakika ngapi. Karatasi ya matokeo imeishia kwenye buti la gari la mtu. Kijana akiniuliza kama Pwani kuna wakimbiaji, namwambia wapo, tena wengi. Akitaka ushahidi sina cha kumwonyesha, na hilo linaniuma.

Najua wapo watakaosema mbio ni za Bonde la Ufa. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa huko hukua akivuta hewa nyepesi mpaka damu na mapafu yake yakaizoea. Sibishi. Ila kukimbia kilomita 21 Malindi mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umetulia na hewa imejaa unyevu, ni kazi nyingine kabisa. Jasho latiririka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Moyo unahudumia miguu, na papo hapo unasukuma damu kwenye ngozi kutafuta ubaridi. Anayemaliza hizo kwa mwendo mzuri ni mkimbiaji, awe ametoka Kapsabet au mtaa wetu wa Kisumu Ndogo.

Mimi nazikumbuka zaidi za sikukuu moja ya taifa, kilomita 10, kutoka mjini kwa barabara ya Casuarina hadi karibu na hifadhi ya baharini, kisha kurudi. Kuna makanga wa matatu za Watamu alimaliza wa pili. Alipokwisha kupokea zawadi yake hakwenda nyumbani. Nilimkuta stendi akiita abiria, namba bado imebanwa na pini kifuani, na watu wanampa mkono kabla ya kuingia garini. Mshindi wa siku hiyo simkumbuki hata sura.

Haya, leteni. Njia mliyopita, hali ya hewa, nani aliwapa maji, nani alimaliza mbele na nani nyuma. Waliokimbia na waliosimama njiani wote karibuni. Majina ya watu tuyaache, tutaje mtaa au kazi.

Mama wa Muyeye

Ahsante ndugu yangu kwa kulianzisha hili. Nitaeleza ya wanawake, kwa sababu nisipoeleza mimi yatapita.

Tulianza watatu, majirani, tukitoka baada ya swala ya alfajiri kabla watoto hawajaamka. Suruali pana, dera juu lililokatwa fupi, mtandio umefungwa kisogoni usipeperuke. Siku za mwanzo maneno yalikuwa mengi. "Mwakimbia nini?" "Mwafukuzwa na nani?" Wengine walikwenda kuwauliza waume zetu kama wanajua tuliko. Wangu alijibu kwamba anajua, na kwamba akitaka kunifuata itabidi naye anunue raba. Nampenda kwa jibu lile mpaka leo.

Waliotutunza hasa ni mabawabu wa yale majumba ya Wataliano kule Casuarina. Hawa watu hukesha, na sisi tulikuwa wa kwanza kupita wakikaribia kumaliza zamu. Mmoja akaanza kutuwekea ndoo ya maji na kikombe getini. Mwingine akawa anatupimia muda kwa simu yake, kutoka geti lake hadi kwenye kona na kurudi, akituambia leo mmeshuka, leo mmepanda. Hakuna aliyemwomba. Asubuhi tukipita na yeye hayupo zamu tulikuwa tunajisikia kama mazoezi hayakuhesabiwa.

Kisha zikaja mbio zenyewe. Tuliambiwa wanaume wanaondoka saa kumi na mbili unusu na wanawake wanafuata. Tukasimama. Wanaume wakaenda wakarudi, hotuba zikasomwa, wanawake tukaachiliwa saa tatu na nusu, jua liko utosini na lami inachoma hadi kwenye soli. Vituo vya maji vilikuwa vimekwisha kufungwa. Zawadi yetu ilikuwa nusu ya ile ya wanaume. Kwangu mimi zawadi ni jambo dogo kuliko ile saa. Kumtoa mwanamke kukimbia kwenye joto ambalo umemwepusha mwanaume ni kuyachezea maisha yake, na mwandaaji anayesoma hapa naomba alitie akilini.

Tulimaliza. Dada mmoja wa kikundi chetu, mama wa watoto wanne, aliwaacha nyuma wasichana waliotoka sekondari juzi. Na mwaka 2024 kule Paris, Sifan Hassan aliposhinda marathoni ya Olimpiki kisha akapanda jukwaani kuvalishwa dhahabu akiwa na hijabu, nilimpigia simu dada huyo tukalia wote wawili. Siku hizi tukipita asubuhi wasichana wa madrasa wanatupungia mkono.

Tuktuk Kisumu Ndogo

Mimi si mkimbiaji, ila siku za mbio barabara zikifungwa nasimama pale kona nawatazama. Wanaopewa makofi ni wa mbele. Mimi nawangojea wa mwisho, kwa sababu tuktuk yangu imewabeba wengi walioishiwa nguvu, na siwatozi. Kuna mzee alikataa kupanda. Alisema ukimbeba mtu akiwa na namba kifuani umemtoa mashindanoni. Nikamfuata polepole kwa nyuma, taa za hatari zikiwaka, mpaka akafika.

Mzee wa Barani

Vijana, msisahau Mombasa, tarehe 24 Machi 2007. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika pale uwanja wa gofu, na sisi tulipanda basi kutoka Malindi kwenda kuyaona. Najua mbio za nyika si za barabarani, lakini nayataja kwa sababu siku ile dunia nzima ilikiona anachokieleza Wa Maweni kuhusu joto la Pwani.

Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu mwaka baada ya mwaka tangu 2002, na hakuna aliyefikiri atashindwa. Kilomita 12, alasiri, joto na unyevu wa mwezi wa Machi. Mzunguko wa mwisho Bekele akatoka mbioni, akaacha. Zersenay Tadese wa Eritrea akaenda kuchukua ushindi, na Wakenya wawili, Moses Mosop na Bernard Kipyego, wakamfuata wa pili na wa tatu. Upande wa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi.

Nilikuwa nimesimama karibu na kamba. Nyuso za wale watu sikuwahi kuziona kwenye televisheni. Chumvi nyeupe mashavuni, midomo mikavu, macho yamezama. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kwani na wao wanachoka?" Tangu siku ile alianza kukimbia, na bado anakimbia.

Muuguzi

Nitakuwa mfupi. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kwa hiyo mgeni anayeshuka Ijumaa kukimbia Jumapili ajihadhari. Ukimuona mkimbiaji anaweweseka, anayumba, hajui yuko wapi, hilo halingoji. Mtoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari iitwe mara moja. Usimlazimishe kunywa kama hajielewi.

Madafu ni mazuri na nayapenda, lakini yana chumvi kidogo kuliko jasho linayotoa. Kwa mbio ndefu tengenezeni wenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kila kituo cha maji kingekuwa na ndoo moja ya hiyo, vitanda vyetu vingebaki vitupu siku za mbio.

Mgeni wa Bara

Mimi nimezaliwa Elgeyo na kazi imenileta Malindi. Nathibitisha maneno ya mwanzilishi. Nyumbani nikikimbia kilomita moja kwa dakika nne nazungumza kabisa. Hapa, mwendo uleule saa mbili asubuhi, hakuna mazungumzo.

Nilikimbia nusu marathoni kwa barabara ya Mombasa, kupita uwanja wa ndege kuelekea Gede na kugeuza. Kulikuwa na kijana wa Msabaha nyuma yangu tangu mwanzo. Simuoni, nasikia tu raba zake, pa, pa, pa, mdundo haubadiliki. Tulipogeuza na jua likaanza kutupiga, wote tuliotoka bara tulipunguza. Yeye hakuongeza kitu, aliendelea vilevile, akatupita mmoja mmoja. Nilimuuliza baadaye anafanya mazoezi gani. Akasema anachoma makaa na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli, na jioni anakimbia. Hana kocha, hana saa. Angekuwa Iten, kuna kambi ingekuwa imemchukua zamani, na hapo ndipo mimi naona tatizo la Pwani lilipo.

Wa Langoni, Amu

Na sisi mtukaribishe ingawa ni wa Lamu. Mji wetu hauna barabara za magari za kufunga. Twakimbia ukingoni mwa bahari, kutoka mjini hadi Shela, kilomita tatu hivi, na wenye pumzi wakaendelea na ule mchanga mrefu wa mbele. Saa ya kukimbia yapangwa na maji. Siku za bamvua maji yakijaa, sehemu ya njia yamezwa, ukaingia ndani au ukarudi. Punda aliyebeba mawe ukimkuta kichochoroni, unasimama wewe apite yeye.

Watu wa Amu wapenda mashindano, hilo halina shaka. Wakati wa Maulidi kuna mbio za punda, kuna mashua, kuna kuogelea, na ukuta wa bahari hujaa hadi pa kuweka mguu hakuna. Natamani mbio za miguu nazo zipate umati ule.

Lililotuumiza ni mwaka 2014. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku kucha hadi asubuhi. Alfajiri ndiyo saa yetu. Tulibaki na uchaguzi wa kukimbia juani au kukaa, na wengi walikaa. Amri ilipoondolewa kikundi kilikuwa kimetawanyika, na baadhi yao hawakurudi tena njiani. Huyafikiria sana hayo, kwamba vita vilichukua hata mazoezi ya watu.

Mwalimu, Ganda

Nimesoma yote na ninalo la kutoa. Nimefundisha huku kwa muda mrefu, na kila mwaka tunawakimbiza watoto kwenye barabara ya kuelekea Kakuyuni, zamani ilipokuwa vumbi tupu na hata sasa. Ninalo daftari. Ni lile la kawaida la shule, jalada limetoka, na ndani nimeandika matokeo ya kila mbio niliyosimamia au kuhudhuria, za shule na za mjini, jina, kijiji na muda kwa saa yangu ya mkono.

Ukilisoma daftari hilo unaona kitu. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanakwenda sawa na wavulana, pengine mbele. Halafu majina yao yanakatika. Kuna mmoja alikuwa akikimbia vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Jina lake lipo miaka mitatu mfululizo, kisha halipo. Nilikwenda kwao. Alikuwa anachota maji na kulea wadogo zake. Mama yake hakuwa mtu mbaya, alikuwa mgonjwa. Ningetamani kungekuwa na mtu wa kumsaidia mama yule siku ile, na mbio zingefuata zenyewe.

Kuhusu zile kilomita 10 za Casuarina, nilikuwepo. Makanga wa Watamu nimemwandika wa tatu.

Stendi ya Watamu

Mwalimu yuko sahihi, nilikuwa wa tatu. Makanga huyo ni mimi, siku hizi naendesha. Wa pili alikuwa mvuvi wa Mayungu, alinipita tukiwa tumebakiza mita chache, na nastahili kumtaja kwa sababu alikuwa ametoka baharini usiku uleule. Wa Maweni, ahsante kwa kunikumbuka. Ile namba mke wangu ameihifadhi na vyeti vya watoto.

Wa Maweni (mwanzilishi)

Wa tatu basi, nimeshika. Na mvuvi wa Mayungu kama kuna anayemjua amwambie anatafutwa kwa heri.

Mwalimu, hilo daftari nalitaka kwa adabu zote. Ukiridhia nije Ganda Jumamosi tulipige picha ukurasa kwa ukurasa, nikalichape, nakala moja ibaki shuleni na nyingine tuipeleke maktaba. Majina ya watoto tutayaficha mpaka wenyewe au wazazi wao wakubali. Mama wa Muyeye, yule bawabu aliyekuwa akiwapimia muda, je, aliandika popote? Hata kwenye simu ya zamani iliyokufa, kuna fundi hapa mjini anaweza kuifungua. Na Mgeni wa Bara, nipatie njia ya kumfikia kijana wa Msabaha. Saa ninayo moja ya ziada, nataka awe nayo.