Nampeleka mzee India kutibiwa, pesa nibebe vipi?

nyar_kondele: Habari zenu wadau. Mwezi ujao naenda na mzee Chennai afanyiwe operesheni ya moyo. Hospitali imeshatuma bajeti, sasa wajomba hapa nyumbani wanasema nibebe dola zote kwa mkoba, na mimi naogopa. Na M-Pesa itanisaidia huko ama nisahau?

jakom_milimani: Pole kwa mzee, Mungu atamsaidia. Za operesheni usibebe kabisa, ingia benki yako hapo Oginga Odinga Street watume kwa SWIFT (njia ya benki kutuma pesa nje ya nchi) moja kwa moja kwa akaunti ya hospitali, na uwaambie makato yote yakatwe kwako huku, la sivyo benki za katikati zinamega-mega halafu mhasibu wa huko anakwambia pesa haijatimia na mgonjwa ashalazwa. Namba ya akaunti ikikuja kwa imeli, piga simu hospitali uthibitishe kwanza, matapeli wamejaa.

sista_wadi7: Dola za mkononi chukua za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo wala stempu. Noti zikipita dola 5,000 lazima uzitangaze kwa forodha ukifika. Rupia usinunue huku, na mtu akikupa zile za 2,000 alizobaki nazo safari yake mwambie asante tu, ziliondolewa kwa mzunguko 2023 na duka halizitaki. Epoti badilisha za teksi pekee. Risiti za kubadilisha weka, ndio utarudishiwa dola ukitoka.

Boda2Bombay: M-Pesa kwa muuza chai wa Chennai haiendi, wao wanaskani UPI, malipo ya simu ya huko India, hadi kwa kibanda. Lakini mchango wa harambee ukiingia kwa laini yako unaweza fungua ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay ulipie vitu vya mtandaoni, ila haitoi kash kwa ATM, kwa hiyo beba kadi za benki, mbili tofauti. Washa romingi kabla hujatoka juu SMS za kuthibitisha malipo zinakuja kwa laini ya Kenya. Na mashini ikikuuliza ukatwe shilingi ama rupia, bonyeza rupia, hiyo ya shilingi wanakuwekea reti yao wenyewe na inauma.

nyar_kondele: Asanteni sana, wajomba nitawasomea hii yote 😂 Sasa kadi ziwe za jina langu ama la mzee?

sista_wadi7: Lako dada. Mzee akiwa ICU PIN ataiweka nani?