Kitabu huria cha takwimu kwenye Moodle: wenye simu tu watakisomaje?

Mwalimu wa Jioni

Hamjambo wote. Nafundisha takwimu kwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Nairobi. Mimi ni mhadhiri wa muda na darasa langu ni la jioni. Wanafunzi wanakuja moja kwa moja kutoka kazini: wauguzi, makarani, na mmoja ni kondakta wa matatu za Rongai. Kitabu kilichotajwa kwenye mtaala ni ghali mno kwao. Mmoja akikinunua, wengine wanatoa fotokopi za sura mbili tatu, na ikifika nakala ya nne jedwali la z, lile la kutafutia uwezekano, halisomeki tena. Inaniuma kumwona mtu mzima mwenye bidii akifeli swali kwa sababu alisoma 3 mahali palipoandikwa 8.

Sasa nimepata Introductory Statistics cha OpenStax, wale wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas. Kinatosha kabisa kwa semista yangu, na kukipakua ni bure. Lakini mifano yake ni ya dola, inchi na shule za Marekani. Je, naruhusiwa kuibadilisha, au nikiigusa nitajitia matatani? La pili: chuo kina Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, ila tumezoea kutupia humo PDF tu. Wengi darasani wana simu na bando la siku. Wenzangu wanasema nirekodi mihadhara yote kwa video. Mnasemaje?

Mkutubi wa Eastlands

Mwalimu, nakujibu kama mtu anayekutana na hizo fotokopi kila wiki kwenye kaunta ya maktaba.

Usishike neno “bure”, shika leseni. Kuna vitabu tele vinavyozunguka kwenye makundi ya Telegram bila senti tano, na huna ruhusa hata ya kuvisambaza, sembuse kuvibadilisha. Toleo la kwanza la hicho ulichopata, la Barbara Illowsky na Susan Dean, lilitolewa kwa leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY. Maana yake unaweza kukikata, kukipanga upya, kukitafsiri, kutoa mifano yao na kutia yako, mradi utaje waandishi na mchapishaji, uweke kiungo cha kitabu asili na cha leseni, na useme wazi kwamba umefanya mabadiliko. Fungua ukurasa wa leseni wa nakala uliyo nayo wewe, maana vitabu vya OpenStax havifanani. Vya kalkulasi, kwa mfano, vina herufi NC na SA: hutakiwi kuvifanyia biashara, na ulichobadilisha lazima ukitoe kwa masharti yaleyale. Ukikuta ND kwenye kitabu chochote, wape wanafunzi kama kilivyo, usisambaze toleo ulilolibadilisha.

Kuhusu mifano, hapo ndipo ningekuomba utumie nguvu zako zote. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, limeweka matokeo ya sensa ya 2019 kwenye tovuti yake. Kaunti ya Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073, na kaya ya Kenya kwa wastani ilikuwa na watu 3.9. Muuguzi wako akiulizwa “watu 3.9 wanaishije nyumba moja?” ataelewa wastani ni kitu gani, na kwa nini hautoshi bila kujua data zimetawanyika vipi. Halafu kuna takwimu za bei za kila mwezi: unga, sukuma wiki, mafuta ya taa. Huyo kondakta naye hubeba data mfukoni kila siku. Nauli ya asubuhi, ya saa sita na ya mvua ikinyesha ni somo zima la mtawanyiko, na ni yeye atakayelifundisha darasa.

Mkuu wa idara akikuuliza umepata wapi ruhusa ya kuacha kitabu cha mtaala, zungumza naye mapema na umwonyeshe Pendekezo la UNESCO la 2019 kuhusu rasilimali huria za elimu. Ni waraka uliopitishwa na mkutano mkuu wa nchi wanachama, na wakuu husikiliza karatasi ya aina hiyo.

Fundi wa Mitambo

Mimi huendesha Moodle ya chuo kingine. Video zote? Hapana, tafadhali. Saa moja ya video inaweza kula mamia ya megabaiti, na sura nzima ya maandishi haifiki hapo hata kidogo. Rekodi dakika chache tu pale ambapo mkono unahitaji kuonekana, kama kusoma jedwali la z.

Usipakie PDF nzima pia. Tumia nyenzo ya Kitabu iliyomo ndani ya Moodle yenyewe, uweke sura vipande vipande. Maandishi yanajipanga kulingana na kioo cha simu, na mtu hafungui kurasa mia kadhaa ili asome mbili. Waambie waweke programu ya Moodle kwenye simu: wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo wanapakua kozi, wakifika nyumbani wanasoma bila intaneti. Hata majaribio yanafanyika hivyo, ukiruhusu kwenye mipangilio na usipoweka kikomo cha muda. Majibu yanatumwa simu ikipata mtandao. Kwa CAT, yaani jaribio la katikati ya semista lenye maksi, sitakushauri hivyo, lakini kwa mazoezi ni sawa kabisa.

Uliza pia kama chuo chenu kimo kwenye eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa pamoja wa vyuo, ambayo hapa kwetu inasimamiwa na KENET, mtandao wa elimu wa Kenya. Kikiwemo, mwanafunzi wako akipita karibu na chuo kingine kilichojiunga ataingia kwenye Wi-Fi yao kwa akaunti yake ya chuoni.

Mwanafunzi wa Kayole

Mwalimu, samahani kwa kuingilia. Mimi nasoma jioni pia, si kwako. Ombi langu ni moja: fungua sura zote wiki ya kwanza. Wahadhiri wengine hufungua sura moja kila Jumatatu, na mimi Jumatatu niko zamu, sina Wi-Fi. Nikizipata zote mapema napakua siku moja na kusoma kwenye matatu semista nzima. Na picha za majedwali usizipige kwa kamera, yaandike. Kwenye simu yangu picha haikuzwi vizuri.

Mwalimu wa Jioni

Asanteni sana, na wewe wa Kayole hasa. Sura zote zitakuwa wazi kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Nimeangalia ukurasa wa leseni: nakala yangu ni CC BY. Naanza na sura ya pili, ya kueleza data, kwa sensa na nauli za Rongai, nami nitaitoa kwa leseni hiyohiyo ili mwalimu yeyote aichukue. Sura ya tatu, ya uwezekano, imejaa karata na dadu. Kama kuna mhadhiri hapa mwenye mazoezi ya uwezekano ya hospitalini, yale ya vipimo vinavyotoa majibu yasiyo sahihi, aniandikie. Wauguzi wangu watayahitaji kabla ya CAT ya kwanza.