Altrasaundi inasema utando milimita 14, naomba kueleweshwa

Binti_Mbagala: Wakuu, naomba msaada wa kusoma majibu. Damu inatoka bila mpangilio wiki ya 3 sasa. Nimepima leo Kariakoo: kizazi sm 8.9 × 5.2 × 4.8, utando wa ndani mm 14, uvimbe mmoja wa sm 2.3 katikati ya nyama ya kizazi, ovari hazikuonekana vizuri. Kuna dawa ya kuyeyusha huo uvimbe?

Mzee_wa_Busara: Vidonge vya P2 vya kuzuia mimba kila wikiendi, haya ndiyo malipo.

Zamu_ya_Usiku: Acha mahubiri, mzee. Uvimbe wa sm 2.3 uliojificha ndani ya nyama mara nyingi hauna makosa. Unaomwaga damu ni ule uliochungulia kwenye uwazi wa kizazi, hata uwe wa sm 1.

Probu: Mnakimbizana na uvimbe, mm 14 mmeiruka. Kwa anayeona hedhi, utando huwa mm 1 hadi 4 siku za damu, halafu hufika hata 16 kabla ya hedhi inayofuata. Umri? Hedhi ya mwisho lini? Kipimo cha tumbo au cha ukeni?

Binti_Mbagala: Cha tumbo, alikunywa lita nzima ya maji. Umri unahusikaje?

Kijiwe_Tandika: Anayejibu umri kwa swali ameshavuka 45 😂

Binti_Mbagala: Haya, 57. Hedhi ilikoma miaka 5 iliyopita. Lakini duka la dawa wametoa norethisteroni mg 5, mara 3 kwa siku, na damu imekata. Tunasubiri harusi ya mwezi wa 12 ipite.

Probu: Ungeanza na hilo. Hedhi ikishakoma, damu ikitoka na utando umezidi mm 4, hausubiri harusi. Kinachukuliwa kinyama kwa mrija mwembamba, dakika chache, kinakwenda maabara ya patholojia kuangaliwa seli. Huenda ni polipu tu, yaani kijinyama kilichoota kwenye utando, ila picha haiwezi kukitofautisha na saratani. Na damu kukata si majibu: hiyo ni homoni, hubadili sura ya seli zinazotafutwa. Tarehe ya kuanza dawa iandikwe kwenye fomu.

Zamu_ya_Usiku: Na mlango wa kizazi ukaguliwe kwa macho. Saratani changa ya pale altrasaundi huipita.

Kijiwe_Tandika: Jamani, juu "nimepima", chini "alikunywa". Hii chai, tena ya tangawizi.

Binti_Mbagala: Si chai. Ni mama. Aliniapisha nisimwambie mtu. Na harusi ni yangu, hataki iahirishwe kwa ajili yake.

Probu: Haiahirishwi. Kliniki ya wanawake Temeke wiki hii, na picha, na karatasi ya dawa zake zote. Aspirini na tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti) zitajwe hata asipoulizwa.

Binti_Mbagala: Akigoma? Kwa yale maji alinuna mpaka jioni.

Probu: Mwambie safari hii hakuna maji. Kipimo cha ukeni kinataka kibofu kitupu.